Shanga Zilizokuwa Kwenye Mkebe wa Chai

Wasomaji wenzangu, mhariri wa ukurasa huu ameahidi kulificha jina langu, ndiyo maana nimethubutu kushika kalamu. Nina miaka ishirini na minne, naishi na mume wangu Kisumu Ndogo, Malindi. Yeye anafua mashuka hotelini, nami nyumbani natunga vishikio vya funguo vya shanga ambavyo watalii hununua wakirudi kwao. Mimi si mtu wa kulialia, majirani wananijua kwa mdomo. Lakini hili limenishinda.

Mwaka jana tulimzika binti yetu, hajatimiza hata mwaka. Homa ilimchukua nikiwa naye kwa wazazi wangu. Kiunoni alivaa shanga nyeupe na buluu nilizomtungia mwenyewe nikiwa na mimba yake. Walipomwosha walikata uzi, wakanifungia shanga zake kwenye kitambaa. Nikazitia katika mkebe wa majani ya chai, nikauweka pamoja na mikebe yangu ya shanga za kazi, ili nikitunga awe karibu nami. Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Baada ya matanga mama mkwe alikuja kutoka Magarini, nisikae peke yangu. Alikuwa amembeba mjukuu wake mara moja tu, na shanga zake hakuwahi kuziona. Mama huyu ananipenda kama kanizaa. Nilimfundisha kutunga, lakini vidole vyake vinatetemeka, na vishikio vyake vikitoka vimepinda nacheka, naye anacheka kunishinda.

Mwezi uliopita mwenye kibanda cha ufuoni alitaka mzigo haraka, wageni wake walikuwa wanaondoka. Shanga za buluu zikaniishia katikati ya kazi. Nikazunguka maduka yote ya mjini nikazikosa. Niliporudi mzigo ulikwisha kuchukuliwa, na mama mkwe kakaa mkekani uso umemnawiri.

"Mwanangu, leo nimekusitiri," akaniambia. "Nimepekua mikebe nikaziona zile ulizozisahau. Nzuri hizo! Nikamaliza kazi yote. Hiki kimoja nimekutungia wewe, utie ufunguo wa nyumba."

Nikakipokea. Nikasema, "Ahsante, mama." Kisha nikaingia bafuni nikaing'ata leso yangu, asinisikie.

Shanga za mwanangu ziko ng'ambo, mifukoni mwa watu nisiowajua. Roho inaniuma! Kuna siku nina hasira hata kumwandalia chai siwezi. Kisha namwona kainama, anahangaika kuingiza uzi kwenye sindano kwa ajili yangu, namhurumia. Nikimwambia, najua atarudi Magarini na hatashika shanga tena maisha yake, na atakufa na jambo hilo moyoni. Nikinyamaza, nazidi kuwa mkali, naye ameshaona. Juzi aliniuliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikamjibu kichwa kinaniuma.

Kishikio alichonitungia nimekificha chini ya godoro. Kimepinda, kama vyake vyote.

Sasa mwenye kibanda amerudi, anasema wageni walivipenda mno vile vya buluu, anataka vingine. Mama mkwe amefurahi kama mtoto. Ameifua leso yake ya kutokea, anataka tufuatane nikamwonyeshe duka nilikozinunua shanga zile. Nimemdanganya kuwa mwenye duka amesafiri, na kila asubuhi ananiuliza kama amerudi.

Nishaurini, jamani. Siku uongo ukiniishia, nimpeleke wapi?