Nilivyomtafsiri Mkulima Asiyesema

Tangu Jumamosi naona aibu hata kutoka nje. Nina shahada ya Kiingereza, na nilikuwa naomba kufundisha somo hilo katika shule ya usharika wetu hapa Muleba. Siku hiyo kanisani walituonyesha katuni ya wanyama wa shambani. Mkuu wa shule akaniambia, "Watafsirie kina bibi, na sisi tukusikie."

Mkulima wa kwenye katuni akafungua mdomo. Nikasikia miguno tu. Nikawaza: kumbe hiki ndicho Kiingereza cha wenyewe, na mimi sikielewi! Nikikiri, kazi nimeikosa. Basi nikatunga.

"Anasema kondoo wamemaliza nyasi."

Akaguna tena, nikampa mke mgonjwa aliyelazwa Bukoba.

"Maskini, pole yake!" wakasikitika kina bibi. Nikanogewa, nikamuongezea na mkwe mkorofi.

Mke wa mchungaji, aliyeileta katuni, akanigusa bega, akasema kwa upole wa Kihaya: "Waitu, mwanangu, hii haina maneno. Niliichagua ili kila mtu aelewe."

Kwenye skrini kondoo akalia, meee.

Mkuu wa shule akanigeukia. "Na huyo, mwalimu, anasemaje?"