Nilisimamisha Seva, Nikasingizia Umeme

Seva ya chuo chetu hapa Ibanda, mjini Bukavu, inatumia mfumo wa FreeBSD, lakini programu ya kuandikisha wanafunzi ilitengenezwa kwa ajili ya mfumo mwingine, Linux. Basi niliijengea chumba chake ndani ya seva, kimefungwa, kisiguse kitu kingine. Nilijivunia chumba hicho kupita kiasi.

Jana mchana programu ikagoma. Niliandika amri ya kusimamisha kila kitu kinachoendelea, maana ndani ya chumba amri hiyo haidhuru wengine. Kumbe nilikuwa nimeshatoka chumbani humo, niko kwenye seva yenyewe. Seva nzima ikanyamaza, na kazi ya ofisi zote ikakatika.

Malalamiko yakaanza koridoni. Hapa Bukavu, kompyuta zikikwama, hakuna anayebishana na habari ya kukatika kwa umeme, au kuran kama tunavyouita. Nikatoa kichwa mlangoni.

"Kuran imeenda, mungoje kidogo."

Papa Déo, mlinzi wetu, akakimbilia jenereta. Mimi nikabaki kusikitika na wenzangu, hata nikaisema nchi vibaya.

Kabla jenereta haijanguruma, Maman directrice, mkuu wa chuo, akafungua mlango wake. Nyuma yake mashine ya fotokopi ilikuwa ikitema karatasi, moja baada ya nyingine.

"Mutoto yangu," akaniuliza polepole, "na hii mashini iko inatumika na nini?"