Kitanda cha Mama na Kompyuta ya Mkwe

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa mtu wa kuingia nyumbani kwa watu kama mgeni rasmi. Alizaliwa Mabira, akachunga mbuzi kama wenzake, lakini alipopata kazi ya ofisini Bukoba alianza kuongelea puani. Mwishoni mwa miaka ya tisini ofisi yao iliondoa kompyuta zake kuukuu, naye akatuletea moja kwetu Kiruruma nyuma ya pikapu, pamoja na jenereta ya kuazima na boksi la kijivu aliloliita modemu. Alishuka akijipangusa vumbi, akatangaza kwamba hadi mchana nyumba yetu ingekuwa inaongea na dunia.

Mama hakuwa na haja na dunia. Alimtaka mtoto mmoja tu. Kaka yangu alikuwa ameacha seminari akikaribia upadre, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na Baba akaapa mbele ya msalaba wa sebuleni kwamba sauti ya mwana huyo haitaingia tena chumbani mwake. Alitaja chumba kwa sababu simu ilikuwa humo. Aliipata enzi za cheo chake serikalini, akaiweka kando ya kitanda ili watu wasiizoee. Mama hakumwogopa Baba hata kidogo, ila kiapo alikiogopa. Tangu siku hiyo hakuwa amemsikia kaka.

Shemeji alikuja na ujanja wake: barua ya kompyuta haina sauti. Kaka angeandika huko ofisini alikopata kazi, Mama angesomewa huku, na kiapo kingebaki kizima. Baba alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akasema, "Kama haina sauti, sawa." Nilimdharau kwa jibu lile. Mzee mzima alikuwa anatafuta mlango wa uani katika kiapo chake mwenyewe.

Kumbe waya wa kuunganisha modemu na simu ulikuwa mfupi, haukutoka hata nje ya mlango wa chumba. Na kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake, hata nyumba iwe inaungua.

"Leteni simu sebuleni," shemeji alisema.

"Simu haitoki," Baba alijibu.

Basi mimi na Baba tukaibeba kompyuta, tukaiweka juu ya sanduku la Mama kando ya kitanda. Shemeji alibaki kwenye kochi, ameupa mlango mgongo, akitafuna punje za kahawa yetu na kupiga kelele kama yuko mnadani.

"Bonyeza pale chini, mzee!"

"Chini wapi?"

"Pale palipoandikwa!"

"Pameandikwa mengi!"

Hivyo ndivyo wanaume wawili walivyopoteza asubuhi yetu, mmoja akiilinda simu, mwingine akiilinda adabu. Shemeji alikuwa akishusha pumzi kwa majonzi ya kujitia. "Ningekuwa humo ndani ningemaliza kwa dakika tano," alisema. "Lakini heshima ni heshima."

Mama alimsikia. Muda wote alikuwa jikoni nje, akikwepa kukutana na mkwe wake. Aliingia amejifunika khanga hadi usoni, akapita nyuma ya kochi bila salamu, akaja chumbani. Alivuta blanketi, akavuta godoro, akaanza kukifungua kitanda. Nilimsaidia kubeba mbao hadi chumba chetu cha wasichana. Baba alisimama na mto mkononi, hajui aupeleke wapi.

"Mwambie mkwe wangu," Mama aliniambia, kwa sauti ya kufika sebuleni, "humu halali mtu tena. Aingie."

Sijawahi kumwona mtu akifunguliwa njia akasikitika vile. Shemeji aliingia, akachomeka, akachomoa, akapuliza tundu la waya kama anapuliza moto. Dakika zake tano zilikwisha, zikafuata nyingine nyingi. Mwishowe modemu ikalia, na ndani ya boksi ikatoka sauti ya mwanamke.

"Haloo, Kayanga. Unataka wapi?"

Shemeji aliruka. "Huyu nani?"

"Dada wa simu wa Kayanga," nilimjibu. "Kwetu kila simu anaiunganisha yeye. Hukujua?"

Hakujua. Hakuwa ameuliza, maana kuuliza kungempunguzia ukubwa. Sisi tulidhani mashine ina njia yake ya kupita.

"Laini yenu mbovu," shemeji alisema, jasho likimtiririka shingoni.

"Haloo? Unataka wapi?" sauti ilirudia.

Mama alinyanyua simu. "Mwanangu, niunganishe Dar es Salaam." Akataja namba ya ofisi ya kaka kwa kichwa.

"Mama watoto," Baba alisema, "niliapa. Haitaingia chumbani mwangu."

"Chumba gani?" Mama hakugeuka. "Kitanda kiko wapi?"

Baba alitazama sakafu, pale penye alama za miguu ya kitanda. Tulisubiri sana. Kaka alipopatikana, Mama alimuuliza kama amekula, kisha akalia asiweze kuuliza lingine. Baba hakutoka chumbani. Shemeji ndiye aliyetoka, akapakia jenereta yake, akaondoka bila kusubiri chakula.

Jioni nilianza kuzirudisha mbao za kitanda. Baba alinizuia mlangoni, mto bado uko kwapani.

"Ziache huko huko," alisema. "Mtoto anaweza kupiga."