Nyeupe, Mama

Bi Zamda wa Mtaa wa Narung'ombe hakupata kwenda shule, lakini mchele alikuwa anausoma. Akiushika tu anakwambia huu wa Kyela, huu wamechanganya, huu ulilowa maji ghalani. Kila siku alisali alfajiri, akasaga mchele wake na nazi, na kunapokucha chuma cha vitumbua kilikuwa kishapata moto pale barazani. Chumba changu na chake vinatazamana, miaka kumi na tisa sasa. Yeye Mwislamu wa hapahapa, mimi Mlutheri kutoka Machame, na tumezoea kuamka kusali saa ileile.

Mjukuu wake, Chiku, ana miaka sita. Mama yake alifariki akimzaa, na baba yake, Abbasi, yuko na lori njia ya Tunduma, kwa hiyo mtoto ni wa bibi. Chiku ana usonji. Alikuwa na maneno machache sana, na chakula chake kilikuwa kimoja tu: kitumbua cha bibi yake, na maziwa kidogo kwenye kikombe cha bluu. Ugali hakugusa. Ndizi akiiona anaondoka.

Na kukila kulikuwa na utaratibu. Anakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa. Bibi anampa kitumbua mkononi, anakinusa, anakipasua katikati, anaangalia ndani, halafu anasema, "Nyeupe." Bibi lazima amwitikie, "Nyeupe, mama." Asipoitikiwa, hali.

Fikirini, mpagazi wa sokoni, hakuchoka kumtania. "Bibi mdogo, sema cheupe! Kitumbua cheupe!"

"Mwache," Bi Zamda anamjibu huku anageuza vitumbua. "Wewe mke wako ulimwita 'we, we' mwaka mzima, leo unafundisha watu maneno?"

Baraza zima linacheka. Chiku anatafuna.

Mwaka jana akaanza kudhoofika. Ulimi mweupe, akipanda ngazi tatu anakaa chini. Niliwasindikiza kliniki. Wakampima, damu ndogo. Dawa ya matone ya kuongeza damu waliyompa aliitema yote, tukarudi. Nesi, binti mpole anaitwa Angela, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Bibi, msimfiche kitu kwenye chakula. Huyu anakula kwa kuamini. Chukua dagaa mmoja, weka kwenye kisahani kingine, mbali. Kesho sogeza kidogo. Aone, anuse, aguse akitaka mwenyewe. Inaweza kuchukua miezi, msichoke."

Tulipotoka nje Bi Zamda akasimama. "Miezi, Mama Godbless? Na mikono hii kama vijiti vya mishikaki?"

Hapo ndipo niliposema. Nilimwambia wanangu wote wanne niliwakuza kwa uji wa lishe, dagaa nawasagia humohumo, hakuna aliyejua. Nikamwambia tusage laini kama poda, tuchanganye kijiko kimoja tu.

Tukatembea mpaka nyumbani. Halafu akasema, "Haya. Wewe umesoma."

Nimesoma hadi darasa la saba. Siku ile nilijiona profesa.

Dagaa nilisaga mimi, mara mbili, nikachekecha kwa kitambaa. Bi Zamda akatia kijiko kimoja kwenye bakuli la pembeni, la vitumbua vya Chiku, akaongeza iliki, akasema bismillahi.

Asubuhi Chiku akakaa kwenye ndoo yake. Akanusa. Akapasua. Ndani kulikuwa na ukijivu kidogo, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Akatazama sana. Siku zote alikuwa anasema tu. Siku ile sauti ilipanda mwishoni, akauliza.

"Nyeupe?"

Bi Zamda akaniangalia. Nikamkubalia kwa kichwa.

"Nyeupe, mama," akasema.

Chiku akauma. Hakulia wala hakufanya fujo. Alifungua kinywa, tonge likaanguka chini. Kisha akautazama mkono wa bibi yake, mkono, siyo uso, akachukua kisahani akaufunika.

Tangu hapo hakupokea tena. Bi Zamda alipika vitupu kama zamani, wapi. Akanunua chuma kipya, akamwaga mafuta yote. Akaosha mikono kwa ndimu mpaka vidole vikachanika. Hata maziwa, akiyashika yeye, Chiku anaziba mdomo kwa viganja viwili. Siku ya tatu tukampeleka hospitali, akawekwa mrija wa puani.

Bi Zamda alikaa ukumbini, maana akisogea kitandani mtoto anaziba mdomo. Nikamwambia kosa ni langu, nitamweleza hata Abbasi. Akatikisa kichwa.

"Aliniuliza mimi, na aliyejibu ni mimi. Mama Godbless, hata kitumbua cha jana mteja namwambia cha jana. Nimekuja kumdanganya huyu."

Baada ya siku kumi na moja tukarudi nyumbani. Chiku sasa anakula wali mweupe mkavu, na maziwa, na mwezi uliopita aligusa yai kwa kidole. Matone anayapokea, nikimwonyesha kwanza kwenye kijiko. Anakula chumbani kwangu. Kwangu mimi, niliyesaga wale dagaa. Namwomba Mungu anisamehe, na kila nikiomba naona aibu kwamba mtoto ameniamini.

Bi Zamda anafuata maneno ya nesi, ila sasa anachozoeshwa Chiku ni mkono wake. Kila asubuhi kitumbua cha kwanza anakipasua, anakiweka kwenye kisahani ukumbini, anaondoa mkono haraka. Wiki hii amekisogeza kigae kimoja cha sakafu, karibu zaidi na mlango wangu. Chiku anakizunguka, anakuja kwangu.

Leo pia alikizunguka. Akakaa, akatenganisha wali kwa kidole, akainua macho.

"Nyeupe?"

Kabla sijafungua mdomo nikasikia kutoka barazani, chinichini, katikati ya mlio wa mafuta, "Nyeupe, mama."

Chiku hakugeuka. Alinitazama mimi, akisubiri, mpaka nikasema.