Mkoba wa Aliyeanguka

Chuma cha Reli ndilo jina alilopewa barabarani. Lile la kwao lilizishinda ndimi za wenyeji. Alikuwa binti wa dobi aliyefua mashuka ya hoteli mpaka viganja vikachubuka, mjukuu wa hamali aliyepandisha makabati ghorofani peke yake. Yeye alivuka mpaka na binti wa marehemu dada yake, na wote wawili wakawa wanapeleka vyakula milangoni mwa watu kwa pikipiki. Bosi wao alikuwa simu. Simu ndiyo iliyogawa kazi na kupanga malipo, na ukichelewa kuitikia, inakufungia.

Kwa hiyo Chuma aliwaanzishia wageni wenzake desturi: mmoja akianguka, aliye karibu huchukua mkoba na simu yake, akamalizia safari zake, asije akafungiwa.

Asubuhi moja Kifupi, mgeni mwenzao, aliteleza kwenye mafuta mbele ya karakana, mguu ukavunjika. Chuma akaubeba mkoba wake mpaka jioni, roho kwatu. Kumbe alikuwa anamchimbia mwenzake shimo. Mkaguzi wa kazi wa serikali alipoitaka kampuni imtibu Kifupi, ilimjibu kwamba siku hiyo Kifupi hakuumia. Simu yake ilionyesha alipeleka vyakula kutwa nzima.

"Dada, siku ile nilichapa kazi kuliko siku zote," Kifupi alimwambia wodini, "na mguu nimeuacha karakana."

Chuma hakucheka. Kampuni ilikataza kabisa kufanya kazi kwa simu ya mwingine. Akisema, mkate wake umeota mbawa. Binti wa dada yake alimsihi anyamaze, akamkumbusha kodi ya chumba. Asubuhi Chuma alikuwa mlangoni kwa mkaguzi.

"Andika," alisema. "Aliyepanda ngazi za wateja siku ile kwa simu ya Kifupi ni mimi."

Kifupi alitibiwa. Simu ya Chuma ilifungwa wiki hiyohiyo, akashika kazi ya mama yake, kufua mashuka.

Jioni moja alimketisha yule binti.

"Mtu akianguka, mkoba wake usiuguse. Mshike yeye, kisha mwite mkaguzi. Na kila mgeni anayefika, umfundishe hivyo."

"Mama mdogo, wataniita mchoyo."

"Waache wakuite. Kesho anza na yule aliyekuja juzi."