Sakafu ya Jipu Jeusi

Nilipigisha mtu asiye na kosa, na nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu mimi si mtu wa kuficha. Sikufika darasa la sita. Niliingia Dar na shati moja, nikabeba marobota ya mitumba Mchikichini mpaka shingo ikaota sugu, halafu nikajifunza bodi za magari kwa kuangalia tu, bila kufundishwa na mtu. Leo ingia Gerezani, mtaa wetu wa mafundi magari, uulize fundi bodi, hata mtoto atakuleta kwangu. Waliosoma wananiletea magari yao na wananisubiri kivulini mpaka niwaite.

Jipu jeusi, la zamani, lilifika asubuhi kwenye yadi yetu ya mafundi likivutwa kwa kamba. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya jumla Kariakoo. Alishuka na wabeba mizigo wake wawili, mabega kama milango. Hakusalimia. Alifungua mlango wa dereva akaniambia nitazame.

Sakafu haikuwepo. Pale inapokaa miguu ya dereva niliona mchanga wa yadi.

"Mdogo wangu alikuwa anaendesha," akasema. "Jangwani pale akaingia kwenye shimo, kiti kikazama pamoja na sakafu. Mguu umeburuzwa kwenye lami. Vidole vitatu havipo."

"Pole sana, bosi."

"Sikufuata pole. Aliyeniuzia anasema sakafu ilitengenezwa yadi hii hii kabla sijalinunua. Namtaka huyo fundi."

Sasa, wewe usiye fundi hujui desturi yetu. Gari likiletwa, kabla hujashika nyundo, unamtukana kwanza fundi aliyepita. Unatikisa kichwa, unasonya, unauliza, nani kakufanyia unyama huu? Mteja anaingia woga, anabaki na wewe tu. Daktari ana koti jeupe, sisi tuna hilo. Hakuna fundi Gerezani asiyefanya, na hakuna anayelifanya kama mimi.

Nikapiga magoti. Nikachoma bisibisi kwenye ukingo wa bati lililobaki, ikapita kama kwenye mkate uliolowa chai. Nikasonya mpaka walinzi wa geti wakasikia.

"Huyu si fundi, bosi, huyu ni muuaji. Kapaka lami juu ya kutu akaenda zake kula. Mimi mtu kama huyu ningemkata mkono."

"Ni nani?"

Miaka yote yadi yetu ilikuwa na mafundi bodi wawili tu: mimi, na jirani yangu, mtu wa pwani, mpole, anayepiga msasa polepole mpaka wateja wanasinzia. Jipu jeusi mimi sijawahi kulishika. Hilo nililijua kama ninavyojua jina la mama yangu.

"Kazi yangu haiozi," nikamwambia. "Muulize jirani."

Jirani alikuwa amechuchumaa anasugua mlango wa teksi. Walimnyanyua kwa kola, miguu ikaacha ardhi.

"Jamani, subirini, jipu hili silijui."

"Mguu wa mdogo wangu unakujua," mwenye jipu akasema.

Mmoja alimshika mikono kwa nyuma, wa pili akampiga ngumi za tumbo, tatu, nne, bila haraka, kama mtu anayeshindilia robota. Alipoinama akapigwa goti la uso. Nilisikia pua. Nimenyoosha mabati maisha yangu yote, najua sauti ya kitu kinachorudi na kisichorudi. Kisha wakamlaza chini, wakamvua kandambili, na mwenye jipu akapanda kwa kisigino cha kiatu chake juu ya vidole vya mguu.

"Vitatu," akasema. "Tuhesabu wote."

Jirani alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Mimi nilisimama nimekunja mikono. Nilimwambia fundi umeme aliyekuwa pembeni yangu kwamba huyu siku zote alikuwa mzembe. Nilisema hivyo, ndiyo.

Mwenyekiti wa yadi alifika kidole cha pili kikiwa kimeshavunjika. Hakumwonea huruma, aliionea huruma yadi. Mwenye jipu alimwapia kwamba gari la mfanyabiashara wa Kariakoo halitakanyaga hapa tena. Basi mwenyekiti akakata shauri hapo hapo: jirani akusanye vyombo vyake, na adhuhuri isimkute ndani ya geti. Miaka ishirini amekaa kwenye kile kipande cha kivuli. Mtu wa umri wake, na mguu ule, nani angempa kivuli kingine?

Kazi ya jipu nikapewa mimi. Wao wakakaa kwa muuza kahawa kunisubiri nitoe tathmini.

Nikaanza kubomoa. Kutu haitaki kubembelezwa. Unaweka tindo, unapiga kwa hasira, kinachokubali kutoka kitoke, mpaka ufike kwenye chuma kinachokurudishia mkono. Nilifuata boriti ya chini ya mlango, nikafuata mpaka kwenye chasisi, magamba yananirukia usoni, na chini ya rangi nyeusi ikatokea rangi nyingine, nyeupe. Nikapunguza kupiga. Nikashika ukingo wa bati la zamani kwa koleo, nikalichana kwa nguvu zangu zote, likatoka.

Lilikuwa bati la pipa la mafuta. Na nyuma yake, matundu yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya lile gunia la plastiki wanalofungia marobota, vimechovywa lami.

Gerezani nzima hakuna anayeziba hivyo. Wengine wanatumia magazeti, wengine fiba. Mimi tu ndiye niliyekuja na magunia ya Mchikichini, na nilikuwa nikijisifu nayo. Nikalikumbuka gari. Jipu jeupe, siku moja kabla ya Idi, mwenyewe ana safari na mimi nina hamu ya kwenda nyumbani na nyama. Nilimwambia, hili hata mjukuu wako atalipanda.

Nikawasha gesi. Dakika moja tu ya moto na lile gunia lingekuwa moshi, na bati lingekuwa bati lolote. Plastiki ilianza kukunjamana, harufu ikanipanda. Ng'ambo ya yadi jirani alikuwa anapakia mitungi yake ya gesi kwenye mkokoteni, jicho moja limevimba likafumba, anakanyaga kwa kisigino.

Nikazima. Usidhani nilimwogopa Mungu peke yake. Niliudhika. Kipigo kile kilikuwa changu, na wamempa mtu mwingine kama vile mimi ni mtu wa kuonewa huruma.

Nikalibeba bati mpaka kwa muuza kahawa, nikalitupa miguuni kwa mwenye jipu. Vikombe vikaruka.

"Kazi yangu hiyo," nikasema. "Gunia langu, bati langu. Jirani hajawahi kuligusa."

Mwenyekiti akaniangalia. "Umelewa?"

"Mwulize yeyote hapa nani anaziba kwa robota."

Muuza kahawa akaninyooshea kidole. Mwenye jipu akanyanyuka taratibu.

"Si ulisema ungemkata mkono?"

Nikamnyooshea wa kulia. Aliusukuma kando, akanipiga kofi; sikio langu linalia mpaka leo.

"Mkono nitauhitaji," akasema. "Sakafu utaniwekea mpya, chuma kizito, na mdogo wangu atakuja kusimama juu yake."

Wabeba mizigo walikuwa wanakunja mikono ya mashati. Lakini jirani alikuwa ameshaacha mkokoteni. Alikuja akichechemea, wakampisha.

"Mwacheni," akasema. "Huyu wangu."

Sikuinua mkono. Mimi ambaye nimewahi kuwapiga watu watatu kwa mpigo pale Mchikichini, nilisimama kama nguzo. Alinipiga ngumi moja ya mdomo, nikatema jino na damu.

"Jirani," nikamwambia, "ni hiyo tu?"

Haikuwa hiyo tu. Alinipiga mpaka akachoka, na hakuna aliyemshika. Kisha akarudi kwenye mkokoteni akaanza kushusha mitungi yake, mmoja mmoja, akiirudisha kwenye kivuli chake. Mwenyekiti alitaka kumsaidia, jirani akamsukuma. Mimi nilijifuta kwa kitambaa cha grisi, nikapiga magoti ndani ya jipu, nikaendelea kukata kutu mpaka nikafika kwenye chuma kizima.