Mawaridi ya Tryphosa

Tryphosa Nabalayo, mjane wa miaka arubaini na minane, huuza mitumba ya watoto hapa Eldoret na anaishi Yamumbi, nyumba ya pili kutoka kwangu. Haya nayaandika kwa ruhusa yake, ingawa aliniomba niandike haraka kabla hajaghairi.

Alianza kuingia laivu kwenye simu, watu wakimtazama mtandaoni papo hapo, ili auze nguo. Nguo hazikununuliwa. Watazamaji walimwomba atingishe mabega, na alipotingisha, yakaanza kuruka kwenye kioo cha simu yale mawaridi ya kuchorwa ambayo watu hununua kwa pesa halisi na kumtumia wanayempenda. Tryphosa hakuwahi kuletewa ua maishani mwake. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa kuleta sukari. Basi akanogewa. Akajiita Tifo, akawasha filta inayolainisha ngozi na kurefusha kope, akajipunguzia miaka ishirini kwa kidole kimoja. Nilimwambia anajiaibisha. Akasema nina wivu, na kusema kweli nilikuwa nao kidogo.

Kila Jumamosi alasiri alipambanishwa na mwenzake wa mbali kwa dakika tano. Anayepata zawadi chache hupewa adhabu, ajipake unga usoni au aruke kichurachura huku watu wakimcheka. Kila mara Tifo alikuwa karibu kushindwa, na kila mara aliokoka. Sekunde za mwisho, mtu mmoja asiye na picha wala jina, nambari tu, alikuwa akimrushia mawaridi mfululizo hadi muda uishe. Mtu huyo hakuandika neno hata siku moja. Tryphosa akaamua kwamba ni mzee mpweke mwenye mashamba na mwenye haya. Akambatiza Bosi.

"Bosi wangu," alikuwa akimwambia, akibusu kioo, "hiyo ni yako peke yako."

Jumapili moja baada ya ibada, binti yake Linah alifika kutoka Soy, mtoto wake Marvin mgongoni na begi mkononi. Mumewe Mabonga ni fundi wa matrekta huko. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake huepukana. Hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni. Kwa miaka sita Mabonga akija Yamumbi hukaa sebuleni, Tryphosa hubaki jikoni, na salamu hupelekwa na Linah.

"Mama, nimemuacha," Linah alisema. "Baba Marvin ana mwanamke kwa simu."

Alimwonyesha picha aliyoipiga kwenye simu ya mumewe. Ngozi laini, kope ndefu, midomo imechongoka kwa busu. Tryphosa aliitambua filta yake.

"Nimemuuliza ni nani. Anasema hawezi kuniambia, hata nikitaka kuenda, niende. Kesho naita wazee."

"Labda ni mtu wa kuuza nguo tu."

"Mtu wa kuuza nguo anabusu simu hivyo?"

Hapo angeweza kunyamaza. Aliniambia kwamba alitaka kunyamaza, na hilo linamchoma kuliko mabusu yote. Alimtazama binti yake akilia, naye akawa anapima kama ndoa ile ingeweza kufa ili yeye abaki na heshima yake. Alipima kwa muda mrefu, chai ikachemka na kumwagikia jiko. Halafu akachukua simu yake, akafungua ukurasa wa Tifo, akamwekea Linah mapajani.

"Ni mimi," alisema. "Sikujua ni yeye."

Linah alimpigia mumewe na kuweka spika.

"Ulijua ni mama?"

"Nilijua siku ya kwanza. Sura yake mimi siijui vizuri, huwa siiangalii. Lakini hiyo sauti nimeiskia kwa ukuta wa jikoni miaka sita."

"Na si ungetoka tu?"

"Nilitoka. Lakini nilikuwa nimeskia wanataka kumrusha kichurachura, ikanisumbua, nikarudi. Mama mzima, Linah. Ningemwacha?"

"Mbona hukuniambia?"

"Kitu kama hicho, juu ya mamako, ningekuambia aje?"

Tryphosa alijifunika uso kwa leso. Mzee wa mashamba hakuwepo. Kila busu alilotuma lilikuwa limemfikia mtu asiyeruhusiwa hata kumtazama, na mtu huyo alikuwa amelivumilia ili yeye asichekwe. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mabonga alisema ameshatoka, anakuja kuwachukua mkewe na mtoto.

"Na umwambie mama," aliongeza, "nikifika kwa geti nitapiga honi kwanza, apate nafasi ya kuingia jikoni."

Tryphosa hakungoja honi. Alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma, akaketi sakafuni, na hakutaka hata mimi nimwangalie.